Pimamaji Akanda Unga

Mtaani walimwita Pimamaji, na hawakumwita hivyo kwa dhihaka. Katika miaka yake yote ya uashi hakuwahi kukabidhi ukuta ambao kipimo chake cha pimamaji hakijaukubali. Hata baada ya kustaafu, akiingia nyumba ya mtu kwa salamu tu, macho yake hutangulia kwenye pembe za dari, na mwenye nyumba hujikuta akiomba radhi kwa makosa ya fundi ambaye hata hamkumbuki. Mkewe alipenda kusimulia kwamba siku ya posa bwana huyu alikuwa akimtazama yeye kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akiukagua mlango uliokuwa nyuma yake, maana ulikuwa umekaa upande.

Mkewe naye alikuwa na jina lake. Watoto wa mtaa walimbandika Mama Piza. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, akapika huko mpaka nywele zikaanza kubadilika rangi, na katika mapishi yote aliyojifunza, lile alilolileta nyumbani na kulifanya lake lilikuwa piza. Kila Jumamosi harufu ya nyanya na jibini ilitoka kwenye dirisha la jiko, ikakata kona, ikaenda kuwatoa watoto kwenye mpira. Wageni walisifu uyoga, wakasifu pilipili hoho, wakasifu jibini inavyonyumbuka. Yeye aliwacheka.

"Hivyo vya juu ni mapambo tu," alisema. "Piza ni chini."

Kisha aliigeuza kidogo na kukigonga kitako chake kwa ukucha, ili mtu asikie jinsi kilivyokauka bila kuwa kigumu. Mumewe alikubaliana naye kabisa katika hilo, ila yeye aliuita msingi.

Ndipo kiharusi kikamjia Mama Piza. Hakikumaliza kazi yake, ashukuriwe Mungu. Ulimi uliteleza siku chache ukarudi, na akili haikuondoka hata dakika moja, kama alivyogundua daktari aliyejaribu kumsemesha kama mtoto. Lakini mguu wa kulia ukawa wa kukokota, na mkono wa kulia ukabaki ukining'inia ubavuni kama kitu cha kuazima. Alipotoka hospitali alikalishwa kwenye kiti cha sebuleni, kando ya dirisha, na jikoni hakuingia tena.

Aliyeingia ni Pimamaji, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Uji ulikuwa na madonge ya kutafuna. Mayai yaliungua chini yakabaki mabichi juu. Siku alizoshindwa kabisa, na zilikuwa nyingi, walikula mkate na chai, na jioni wakabadilisha, wakala chai na mkate. Mama Piza alichukua vijiko viwili vitatu, akasema ameshiba, akageuka kutazama barabara.

Binti yao, fundi cherehani, aliishi upande wa pili wa mji na watoto wake. Jumapili moja alikuja, akafungua friji, akafunua sufuria, akafunika tena haraka. Alimkuta baba yake kibarazani.

"Baba, usinielewe vibaya. Unajitahidi, kila mtu anaona. Lakini Mama anakonda. Nimesema nimchukue akae kwangu."

"Akae mpaka lini?"

"Akae tu, Baba. Chumba kipo, na wajukuu watamchangamsha. Na wewe njoo, nani kakukataza?"

"Niiache nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, nikalale kwa mkwe?"

Binti hakubishana. Aliingia sebuleni akamuuliza mama yake, na Pimamaji akasikia jibu kutoka kule kule kibarazani.

"Sawa, mwanangu. Jumamosi uje unichukue."

Lile neno "sawa" lilimgusa pabaya. Alikuwa ametarajia mkewe akatae, hata kama ni kwa adabu tu. Nyumba ile aliijua tofali kwa tofali, lakini hakujua mtu analalaje ndani yake bila yule mwanamke kukohoa upande wa pili wa kitanda. Aliogopa. Mwanaume mzima, aliyepanda jukwaa la ghorofa ya mwisho bila kamba, aliogopa chumba chake mwenyewe cha kulala.

Alilipima jambo hilo kama anavyopima kila kitu, akaona jibu liko wazi. Mama watoto anaondoka kwa sababu ya njaa. Basi dawa ya njaa ni chakula. Na kama yeye Pimamaji ataweza kupika piza, tena piza ya Jumamosi yenye kitako cha kugongwa kwa ukucha, nani atathubutu kusema kwamba hawezi kumlisha mkewe? Alikuwa na wiki nzima mbele yake. Alishawahi kunyanyua vyumba kwa muda mfupi kuliko huo.

Sasa, ipo sheria moja aliyoishika tangu ujana wake kazini: mwenye nyumba haonyeshwi ukuta mbichi. Mwenye nyumba akiiona plasta haijakauka, ina madoa na mistari ya mwiko, huingiwa na wasiwasi. Huanza kutoa ushauri. Huleta na shemeji yake naye atoe wake. Mfungie nje, maliza kazi, fagia, kisha mwite aje ashangae. Sheria hiyo ilimpa heshima kila alipojenga. Basi Jumatatu asubuhi, kabla hajagusa unga, alilivuta pazia linalotenga jiko na sebule, akalibana na kiti.

"Unafanya nini humo?" mkewe akauliza.

"Hamna kitu. Wewe pumzika."

Unga aliumwaga mezani kama mchanga, akauchimba shimo katikati kama fundi yeyote anayejua kazi, akamimina maji. Hamira aliijua kwa sura. Aliona kama ni kitu cha kuharakisha mambo, na kwa kuwa moto nao huharakisha mambo, alichemsha maji mpaka yakatokota, akaikoroga humo. Mwiko wa kujengea na mwiko wa kupikia vina jina moja, alijifariji, kwa hiyo na kazi itakuwa ni ile ile. Unga uliponata mikononi alifanya kile ambacho kingefanywa na mwashi yeyote duniani akiona mchanganyiko wake umekuwa na maji mno. Aliongeza unga. Ukanata tena, akaongeza tena, mpaka donge likaacha kunata, likaacha kuvutika, likaacha hata kuwa unga wa kuoka. Alilisukuma kwa mti wa kusukumia, na kweli lilikaa sawa. Alipoweka kipimo chake juu yake, kiputo cha ndani kilisimama katikati kabisa.

Alipolitoa kwenye oveni lilikuwa kigae. Alikigonga kwa ukucha, hakikulia. Alikigonga kwa kisu, kikalia kama mlango.

"Nani anabisha hodi?" sauti ya mkewe ikatoka upande wa pili.

"Hamna mtu!"

"Pana harufu ya hamira iliyoungua."

"Ni ya jirani," akasema Pimamaji, akakizungushia kigae chake gazeti na kukizika chini kabisa ya pipa la taka. Sebuleni hapakusikika neno tena. Yeye alishukuru kwa ukimya huo, akaona amesalimika.

Jumanne alijaribu tena, maji yakiwa ya moto vile vile, unga ukiwa mwingi zaidi. Jumatano asubuhi alivaa shati safi akaenda kwa mwokaji.

Mwokaji alikuwa na duka la mikate mwisho wa mtaa ule ule, mtu mnene, mpole, ambaye nyusi zake hazikuwahi kuonekana bila unga. Pimamaji ndiye aliyemjengea tanuri lake. Alimkuta akipanga mikate ya asubuhi kwenye rafu, akamweleza yote: kiharusi, uji, binti, Jumamosi. Ilikuwa taabu kwake kueleza, kwa maana hakuzoea kuuliza watu. Alipomaliza alitazama sakafu, na kwa mazoea akaona ina mteremko.

"Mficha uchi hazai, ndugu yangu," alisema. "Nimekuja unifundishe."

Mwokaji alijifuta mikono. "Kufundisha nitafundisha. Ila wewe si una mwalimu nyumbani? Mimi mwenyewe nimekula piza ya shemeji, na sijawahi kuoka kama ile."

"Mgonjwa hasumbuliwi."

Mwokaji aliona asiingilie. Ndoa za watu si mikate, mtu huwezi kuingiza mkono ukabonyeza uone kama imeiva. Alimpa aproni.

Alimfundisha kwa subira. Hamira ni kitu chenye uhai, alisema, ukiimwagia maji yanayochemka umeiua, na maiti haiumui unga. Maji yawe ya kumwogeshea mtoto mchanga. Tia sukari kidogo, subiri povu. Na unga ukinata, uache unate. Pimamaji alishindwa kuvumilia hapo. Mikono ilimwasha, ikawa inaelekea kwenye mfuko wa unga yenyewe, na kila mara mwokaji aliipiga kofi kama mkono wa mtoto kwenye bakuli la sukari.

"Acha! Lowesha mikono maji, usiongeze unga."

"Lakini umelegea, bwana. Huu hautasimama."

"Nani kakwambia usimame? Unajenga ukuta? Huu unalala."

Alimwonyesha kukanda kwa kiganja cha mkono, kusukuma, kukunja, kugeuza, mpaka donge likawa laini na lenye kung'aa, na ukilivuta kipande kinakuwa chembamba kama ngozi bila kuchanika. Alimwonyesha kulifunika na kulianika mahali pa joto mpaka likue mara mbili. Mti wa kusukumia aliuficha. Donge hutandazwa kwa vidole, alisema, ukiliponda unaitoa hewa yote uliyoisubiri. Mwisho akampa siri ya kitako: trei iwe imeshashika moto ndani ya oveni kabla piza haijawekwa juu yake. Unga ukitua kwenye trei baridi unalowa. Ukitua kwenye trei ya moto unashtuka, unakauka chini kabla nyanya hazijapata nafasi ya kuulowesha.

Hilo la mwisho Pimamaji alilielewa papo hapo, akatikisa kichwa kwa heshima. Alirudi kwa mwokaji Alhamisi, akarudi Ijumaa. Nyumbani, pazia lilibaki limefungwa. Kila alipopita sebuleni na unga kwenye ndevu, mkewe alimwangalia, akasubiri, na yeye akamwambia pumzika, pumzika, kila kitu kiko sawa. Ijumaa jioni piza ya majaribio ilitoka na kitako cha rangi ya kahawia iliyopauka, ikabaki imenyooka alipoishika kwa ukingo. Aliila peke yake jikoni, kimya kimya, akitabasamu. Upande wa pili wa pazia mkewe alikunywa chai.

Jumamosi binti alifika na begi. Pimamaji alimpokea mlangoni, shati limenyooshwa, akamkalisha mezani pembeni mwa mama yake, akawaambia wasiinuke. Kisha akalifungua pazia kwa mara ya kwanza wiki nzima, akatoka na trei.

Tusimnyime haki yake, ile ilikuwa piza. Ilikuwa duara, kingo zimevimba na kupata mabaka ya moto, jibini inatokota. Alikata kipande, akakiinua, na kitako hakikulegea. Akakigonga kwa ukucha. Kililia vizuri.

Binti alikula kipande chote bila kusema, akalamba vidole, akachukua cha pili.

"Baba! Umeyatoa wapi haya?"

"Mtu hazaliwi anajua," alisema Pimamaji, akijifanya hajali, na masikio yamemwiva kwa furaha.

"Mimi sina la kusema tena. Mtu anayepika hivi, mimi namchukua Mama kwenda kumlisha nini? Makoko?" Alicheka, akalisukuma begi chini ya meza kwa mguu. "Mama, umeona? Baba amehitimu."

Mama Piza alikuwa akila kwa mkono wa kushoto, taratibu. Alimaliza kipande chake hadi ukingo, akajipangusa mdomo.

"Ni nzuri sana," akasema. "Asante, baba watoto. Mungu aibariki mikono yako." Kisha akamgeukia binti. "Nipe viatu vyangu, mwanangu, tusije tukachelewa."

Pimamaji alibaki na kisu mkononi. Katika ndoa yao yote mwanamke yule hakuwahi kumwambia kitu chake ni kizuri sana. Alipomjengea jiko hilo hilo alimwambia dirisha liko juu. Alipomnunulia kanga alimwuliza kama aliichagua gizani. Hivyo ndivyo walivyopendana, na yeye asingetaka iwe vingine. Maneno haya matamu yalikuwa ya mtu anayeaga wenyeji.

"Lakini Mama," binti akasema, "si tumeona Baba anaweza?"

"Ndiyo, anaweza. Ndiyo maana naondoka roho yangu nyeupe. Hatalala njaa."

"Mama watoto," Pimamaji akasema, akakiweka kisu mezani. "Mama watoto. Nimepika ili usiende."

"Najua."

"Sasa mbona unakwenda?"

Alitazama dirisha kwanza. Kisha alilijibu swali lote kwa mara moja, bila kupandisha sauti.

"Jumatatu nilisikia harufu ya hamira imeungua. Nikasema moyoni, maji yalikuwa ya moto, sasa atakuja kuniuliza. Hukuja. Jumanne nikakusikia unausukuma ule unga kama unavunja jiwe, nikasema, leo atakuja. Ukaniambia pumzika. Jumatano umerudi unanukia duka la mikate. Mimi nipo hapa, mlangoni mwa jiko langu, na mume wangu amekwenda kumuuliza mwanaume mwingine jinsi ya kupika piza yangu." Alipumzika kidogo, maana maneno mengi yalimchosha. "Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi tangu nitoke hospitali hata jembe sijapewa. Ninaletewa sahani, ninaondolewa sahani. Kwa mwanangu nitakuwa mgeni kweli, na mgeni haoni aibu kukaa. Hapa naona aibu kila siku."

Binti aliinamisha kichwa. Pimamaji alivuta kiti akakaa mbele ya mkewe.

"Sikutaka kukusumbua," akasema. "Nilitaka uone kazi ikishakwisha. Wewe unajua. Mwenye nyumba haonyeshwi ukuta mbichi."

"Nakujua na sheria zako. Lakini mimi si mwenye nyumba, Mzee. Mimi ni fundi. Mkono ndio uliolala, ufundi uko macho."

Maneno yale yalimwingia yakafika mwisho. Sasa akilini alimwona mkewe wiki nzima kwenye kiti kile, ananusa, anasikiliza, anajua kila kosa kabla yeye hajalifanya, na anangoja kuitwa. Aliona haya kwa namna ambayo hakuwahi kuona haya kazini, maana kosa la kazini hubomolewa likajengwa upya. Aliuchukua ule mkono wa kulia wa mkewe, uliokuwa umelala mapajani, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Nisamehe," akasema. Hakulizoea neno hilo, na lilitoka likikwaruza. Kisha akakohoa, akaisogeza trei mbele yake. "Haya. Niambie kasoro zake."

"Za nini?"

"Za hii. Usiniambie ni nzuri sana. Niambie kweli."

Mama Piza alimtazama kuona kama anatania. Akaitazama piza. Mkono wa kushoto ulitoka taratibu, ukachukua kipande kilichobaki, ukakigeuza.

"Kweli unataka?"

"Nataka."

"Huu ni mkate," akasema. "Mkate mzuri, wa mwokaji, umevalishwa nyanya. Umeuharakisha. Umeuumua juani saa mbili tatu, hamira nyingi, ndiyo maana ukiutafuna unasikia hamira, ngano husikii. Chumvi umeionea aibu. Kingo hizi ni mto wa kulalia, mtu anaweza kuota ndoto. Na hizi nyanya! Nani alikuambia uziweke nene hivi? Ulikuwa unapiga plasta?"

Binti aliziba mdomo kwa kiganja.

"Endelea," akasema Pimamaji.

"Trei ya moto umefanya vizuri. Hilo nitakupa. Lakini umeipaka mafuta mengi, kitako kimekaangika, hakikuokwa. Kinalia, ndiyo. Hata debe tupu linalia."

Aliendelea. Rangi ilikuwa imempanda usoni. Kadiri alivyozidi kumsema ndivyo moyo wa mumewe ulivyozidi kutulia, kama mtu anayesikia mvua ikianza baada ya kiangazi. Alipofika kwenye jibini, maneno ya mezani hayakumtosha tena. Aliushika ukingo wa meza, akainuka. Binti aliruka kumshika, na baba yake akamkonyeza amwache. Mama Piza aliukokota mguu wake, akaupapasa ukuta, akapita kando ya pazia lililovutwa pembeni, na akasimama katikati ya jiko lake akiangalia huku na huku kwa hasira.

"Chumvi nani ameihamishia huku juu? Ninyi mnafikiri kila mtu ana urefu wa ngazi?"

Chumvi ikashushwa. Kiti kikaletwa kwenye meza ya kukandia, akakataa kiti, akaegemea. Akamwamuru Pimamaji atoe unga, akamwambia unatosha kabla hajamaliza kumimina. Maji yakaletwa, akayaonja kwa kidole. Baridi. Ndivyo alivyoyataka. Hamira akaichota mwenyewe, chembe chache ambazo mwokaji angezidhani zimemwagika kwa bahati mbaya.

"Hizi tu?" Pimamaji akauliza.

"Hizi tu. Unga wa piza haukimbizwi. Unakandwa leo, unalazwa kwenye friji, unaumuka polepole na kupata ladha yake. Asiye na subira anunue mkate."

Alimwambia akande. Alipokosea alimsema, na aliposhindwa kumweleza kwa maneno alitia mkono wake wa kushoto ndani ya unga, juu ya mikono yake, akaisukuma kuelekea anakotaka. Mkono huo haukuwa na mazoea. Uliteleza, ukapotea njia, ukarudi. Donge lilitoka limepinda. Lakini vidole vilipolibonyeza vilijua vinachokitafuta, na vilipokipata alifumba macho kidogo.

"Hapo," akasema. "Umesikia? Hapo hapo. Shika."

Pimamaji alibonyeza pale alipobonyeza yeye. Alisikia.

Donge likawekwa kwenye bakuli, likafunikwa, likaingizwa kwenye friji. Mama Piza alikuwa amechoka, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na unga ulikuwa umemfika hadi kwenye kiwiko. Binti alikuwa amesimama pale kwenye pazia muda wote huo, begi amelitoa tena chini ya meza na kulishika mkononi, kwa maana hakuna aliyemwambia alishushe.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "jioni inaingia. Tunakwenda au vipi?"

Mama Piza alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Niende, mwanangu, na unga unaamka kesho? Nimwachie nani? Huyu?"